Mvua Bila Daftari

Nilipokuwa mwalimu katika shule moja ya kijiji, mwendo wa saa chache kutoka Tabora mjini, nilikabidhiwa kipimamvua. Kila siku saa tatu asubuhi nilikwenda kukitazama, nikaandika milimita zilizonyesha, na mwisho wa mwezi nikapeleka karatasi kwa wahusika. Malipo hayakuwapo. Karatasi zilipokwisha niliandika nyuma ya madaftari ya zamani ya wanafunzi. Masika moja nikashikwa na malaria kali. Hapakuwa na mtu wa kupokea zamu yangu, na siku kumi na tisa zikabaki tupu. Ni katika siku hizo hizo maji yalipochukua daraja letu dogo. Miaka mingi baadaye alikuja kijana mtafiti, akitaka kujua mvua iliyobomoa daraja lile ilikuwa kiasi gani. Nilimwonyesha nafasi tupu.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: fedha ya serikali ikiwa ndogo, nani apewe kwanza, na kwa haki gani?

Swali hili si geni katika nchi yetu ya Unyamwezi. Tarehe 7 Novemba 1857, Burton na Speke waliingia Kaze, karibu na Tabora ya leo, kwa njia ya misafara iliyotoka pwani. Serikali ya Uingereza ilikuwa imetoa pauni 1,000 kwa safari hiyo kupitia Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Walitumwa kuchunguza habari za maziwa na chanzo cha Mto Nile. Lakini Novemba ndio mwezi ambao mvua zetu huanza. Bila shaka mkulima wa Unyanyembe, siku walipopita, alikuwa akitazama mawingu na kujiuliza kama apande au angoje. Swali lake halikuwa na pauni hata moja. Siwalaumu wageni wale. Kila mjumbe hujibu alichotumwa. Nasema tu kwamba elimu nayo, kama pembe za ndovu, hubebwa kuelekea kwa yule aliyegharimia msafara.

Wazee wetu walikuwa na utaratibu wao. Mtemi alihesabiwa kuwa na dhamana ya mvua, na ukame ulipozidi hata kiti chake kilitikisika. Sitetei uganga wa mvua. Lakini aliyeshika ghala ndiye aliyeulizwa habari za mawingu, na hakuwa na mahali pa kujificha.

Leo mahali pa kujificha ni pengi. Kila wizara hupewa ukomo wa fedha, huandaa makadirio, na Bunge huyajadili Dodoma kuanzia Aprili ili mwaka mpya wa fedha uanze Julai 1. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, hushauri juu ya vipaumbele vya utafiti na kusimamia mfuko wa taifa wa ruzuku kwa watafiti. Wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana, na wakarudia kusema Addis Ababa mwaka 2007, kwamba kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa ajili ya utafiti. Sisi tuliahidi, hatujafika. Pengo huzibwa na wafadhili. Mwaka 2008 Norway iliahidi kroni milioni 500 kwa miaka mitano, hasa kwa ajili ya misitu yetu na hewa ya ukaa. Mwaka uliofuata, kwa fedha za nchi hiyo, ulianza mpango wa utafiti wa mabadiliko ya tabianchi chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Vijana wetu walisomeshwa, nami nashukuru. Lakini mradi una mwanzo na mwisho wake, na mvua haina mwisho.

Sasa mbunge akisimama na kuuliza kwa nini tununue vipimamvua wakati zahanati haina dawa, mimi sina ujasiri wa kumzomea. Nilipolala hoi, dawa ndiyo iliyoniponya. Kama siku ile dawa isingalikuwapo, kipimamvua kisingalinisaidia kitu.

Hata hivyo si kila hitaji linafanana na dawa. Tabora ilipata shida ya maji kwa miongo mingi. Mwaka 2021 maji ya Ziwa Victoria yalizinduliwa mjini kwetu, kwa mradi wa zaidi ya shilingi bilioni 600, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka India. Tuliteseka kungoja, lakini bomba lilipochelewa halikupotea. Lililazwa baadaye, na maji yakatoka. Mvua ya jana hailazwi upya. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mvua ni mali yetu ya kwanza.

Kwa hiyo ningependa kila fungu la fedha liulizwe swali moja: likicheleweshwa mwaka mmoja, tunachokikosa kitarudi? Mtoto aliyekosa dawa harudi. Basi awe wa kwanza. Siku isiyopimwa hairudi. Basi iwe karibu naye, mbele ya semina, mbele ya magari, mbele hata ya jengo zuri la kituo cha utafiti ambalo mkubwa atalikatia utepe. Anayesoma kipimamvua hakatiwi utepe, wala hakuna mfadhili wa kumlipia miaka arobaini. Huyo ni wa kwetu, na tukimwacha sisi hakuna mwingine atakayemshika mkono.

Nikitazama nyuma, kijiji chetu hakikuhitaji mamilioni. Kilihitaji mtu wa pili aliyefundishwa, na posho kidogo ya kumfanya aamke saa tatu isipite, kwa siku kumi na tisa.