Fedha ya Mpakani

Huko Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, malori ya shaba hungoja katika safu ndefu, na wabadilishaji fedha huwaendea madereva wakiwa na franka, kwacha na dola. Dereva aliyechoka hahesabu vema. Je, mkatekumeni aliyempunja aweza kuitakasa fedha hiyo kwa kuitoa sadaka? Wengi hujidanganya hapa. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru wa Yeriko, hakuchanganya mambo mawili: maskini aliwaahidi nusu ya mali yake, aliowadhulumu, malipo mara nne. Maana maskini akishiba, aliyepunjwa bado ana njaa. Basi dereva na atafutwe kwanza. Ikiwa amekwisha vuka, asionekane tena, ndipo fedha iwaendee maskini. Wala mtoaji asingoje shukrani, kwa kuwa ni fedha ya dereva.