Kutoka Namugongo hadi Mengo

Wanangu, najua mnavyoipenda tarehe 3 Juni, siku ya Mashahidi wa Uganda. Mnachanga nauli, mnapanda mabasi kwenda Namugongo, na wapo wanaotembea kwa miguu siku nyingi kutoka Kenya na Tanzania. Nendeni, wala msichoke kwenda. Ila nimesikiliza mahubiri mengi ya siku hiyo, na karibu yote huishia pale moto uliowachoma mashahidi hao unapozimika. Leo nataka niwasimulie yaliyofuata baada ya moto. Nikisoma mnayoandikiana kwenye simu kila kanisa linaposhambuliwa, naona hatari yenu iko huko.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Buganda mwaka 1877, na mapadre wa Kikatoliki wakafuata mwaka 1879. Vijana wa kasri la Kabaka, yaani mfalme, wakaanza kujifunza kusoma, tena wengi wao walianzia kwenye vitabu vya Kiswahili, kwa kuwa Injili ya Kiganda ilikuwa haijachapwa. Watu wakawaita wasomaji. Kabaka Mwanga alipoanza kutawala mwaka 1884 alikuwa kijana bado, anawaogopa Wazungu walioinyemelea nchi yake, na ana hasira na vijana wa nyumbani mwake waliokataa matakwa yake ya mwili. Januari 1885 wakauawa wavulana watatu wa Kianglikana. Novemba mwaka huo huo akakatwa kichwa Joseph Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana wa kasri, kwa sababu alithubutu kumlaumu Kabaka kwa kumuua Askofu Hannington wa Kianglikana. Kabla ya kufa aliacha ujumbe apelekewe Mwanga: kwamba amemhukumu bila haki, kwamba yeye amemsamehe, na kwamba Kabaka atubu.

Ushikeni ujumbe ule mzima. Siku hizi wengine wanachukua msamaha tu na kuliacha lile neno la kwanza, wanadhani Mkristo akionewa kazi yake ni kunyamaza. Balikuddembe hakunyamaza. Alisema wazi kwamba ameonewa, akasamehe, akamtaka mwenye kosa atubu, yote kwa pumzi moja.

Mwaka uliofuata ndipo moto ukawashwa Namugongo. Mkuu wa wauaji, Mukajanga, alikuwa na kijana aliyelelewa nyumbani kwake, jina lake Mbaga Tuzinde. Alimsihi akane, au hata akubali kufichwa tu. Kijana akakataa. Mwisho Mukajanga aliamuru apigwe rungu la shingo kwanza, asije akausikia moto, kisha mwili wake ukafungwa ndani ya matete pamoja na wenzake walio hai. Nimelitafakari sana jambo hilo. Yule aliyekuwa akiua alikuwa mzazi mwenye uchungu, mtumishi wa bwana aliyemwogopa. Ukimtazama anayekutesa ukaona shetani mtupu, huwezi kumwombea, na hutajua la kumwambia siku atakapochoka kuua.

Jueni pia kwamba sisi Wakristo hatukuwa wa kwanza pale. Miaka kumi hivi kabla ya hapo, Kabaka Mutesa, babake Mwanga, aliwaua Waislamu waliokataa kula nyama ambayo haikuchinjwa na Mwislamu. Ndugu zetu hao nao wanawakumbuka wafia dini wao Namugongo. Kwa hiyo anayewaambia kwamba kuteswa kwa ajili ya Mungu ni historia ya Wakristo peke yao, ama hajui au anawadanganya.

Sasa sikilizeni yaliyofuata. Septemba 1888 Wakristo na Waislamu waliungana wakamng'oa Mwanga. Haukupita muda Wakristo wakafukuzwa na wenzao wa Kiislamu, wakakimbilia ufalme jirani wa Nkore. Walirudi na bunduki, wakapigana, wakamrudisha Mwanga yule yule kwenye kiti. Miongoni mwa viongozi wao alikuwa Honorat Nyonyintono, mtu ambaye Mwanga alimhasi wakati wa mateso, na ambaye hata hivyo alikufa vitani mwaka 1889 akipigania Mwanga arudi. Waislamu wakashindwa, nchi ikabaki mikononi mwa Wakristo. Hapo ndipo mtu angetarajia amani ya waliochomwa pamoja.

Wakagawana vyeo. Wakatoliki wakaitwa Wafaransa, Waprotestanti wakaitwa Waingereza, na kila uchifu ukawa ugomvi. Desemba 1890 akaja Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza na bunduki yake ya Maksimu. Tarehe 24 Januari 1892, pale Mengo, makao ya Kabaka, Wakristo wakafyatuliana risasi. Lugard alikuwa amewagawia Waprotestanti bunduki, na aliyewaongoza alikuwa Apolo Kagwa, katikiro, yaani waziri mkuu, ambaye mwaka 1886 alipigwa na Mwanga kwa mkono wake mwenyewe kwa ajili ya imani. Kanisa la Wakatoliki la Rubaga likateketea. Wakatoliki wakakimbilia kisiwa cha Bulingugwe, wakafuatwa huko, na watu wengi wakafa maji wakijaribu kutoroka kwa mitumbwi. Kutoka moto wa Namugongo hadi hapo ilikuwa haijafika miaka sita. Walikuwa hai bado watu waliofungwa kwa kamba moja.

Simsemi Kagwa vibaya, wala upande wa pili. Walikuwa watu wa sala, na bunduki ya kwanza waliishika ili wasifutwe. Nalaumu kitu kilichoota ndani yao taratibu: walianza kuyahesabu mateso yao kama deni ambalo nchi inapaswa kuwalipa. Anayeamini anadai hashibi. Leo anataka usalama, kesho anataka ofisi, keshokutwa anamtaka mwenzake wa dhehebu jingine atoke njiani. Na mtu wa nje mwenye shughuli zake akishaiona hasira hiyo, hakosi silaha ya kuikopesha.

Ndiyo maana nawaogopea. Tarehe 2 Aprili 2015 waliuawa watu 148 katika chuo kikuu cha Garissa, Kenya, wengi wao wanafunzi, baada ya washambuliaji kuwatenga Wakristo na Waislamu. Damu ile ilikuwa ya watoto wetu, na kuilia ni haki. Lakini tangu enzi hizo nimeona desturi mbaya: kukitokea shambulio, kabla maiti hazijatambuliwa, picha zimeshafika kwenye kikundi cha kwaya, na chini yake mtu ameandika kwamba sasa tuamke. Tuamke tumfanye nani nini? Muuaji hayumo kwenye kile kikundi. Aliye karibu ni mwenye duka la mtaani, ni mwalimu wa hesabu, ni dereva wa bodaboda aliyevaa kofia ya Kiislamu. Mkishaandika vile, yeye ndiye mnayemlenga, hata kama hamkumtaja. Na mzazi wa marehemu ameuona mwili wa mwanawe kwenye simu ya jirani.

Desemba mwaka huo huo wa 2015, huko huko Kenya, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na wapiganaji, wakataka abiria Wakristo watengwe. Abiria Waislamu wakakataa. Wanawake wakawa wameshawapa wenzao Wakristo hijabu zao wajifunike. Mwalimu Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi siku ile na akafariki mwezi uliofuata. Mkimhesabu katika kundi la adui kwa sababu ya jina lake, mtakuwa mmefanya ile kazi ya kutenga ambayo yeye alikubali kufa kuliko kuifanya.

Mtaniuliza basi, tukae tu? Hapana. Kukimbia kunaruhusiwa. Yesu mwenyewe aliwaambia wanafunzi wake wakifukuzwa mji mmoja waende mwingine, na Paulo alitoroka Dameski akishushwa ukutani ndani ya kapu. Huyo huyo Paulo alidai haki zake za raia wa Kirumi na akakata rufaa kwa Kaisari, hivyo kwenda polisi, kuandikisha ushahidi na kusimamia kesi mahakamani si upungufu wa imani. Mwaka 1977 maaskofu wa Kianglikana wa Uganda walimwandikia Rais Idi Amin barua, tarehe 10 Februari, wakilalamikia mauaji ya raia na upekuzi uliofanywa usiku nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum. Barua yenye tarehe na malalamiko yanayojulikana. Siku sita baadaye Luwum aliuawa, na serikali ikatangaza ajali ya gari. Mwenzake, Askofu Festo Kivengere, alitoroka na mkewe kwa miguu, wakapanda milima usiku hadi Rwanda. Akaendelea kuyasema maovu ya Amin akiwa uhamishoni, na bado akaandika kitabu ambacho jina lake tu linatangaza kwamba anampenda Amin. Wapo waliomshangaa. Mimi namwona mrithi halisi wa Balikuddembe.

Kuna jambo jingine linaniuma. Si kila taabu yetu ni mateso ya imani. Kanisa likifungwa kwa sababu ya kelele za spika usiku kucha, au mchungaji akikamatwa kwa fedha za waumini, msitundike msalaba juu ya shauri hilo. Petro aliliandika mapema: mtu wa kwenu asiteswe kwa uovu wake. Mkilia kila siku, siku ya kweli hamtaaminiwa.

Na anapokuja kijana aliyebatizwa, kisha akafukuzwa kwao kwa sababu ya ubatizo huo, acheni kumsimamisha mbele ya kamera atoe ushuhuda. Nimeona video za namna hiyo zikizunguka na jina la ukoo limetajwa, mtaa umetajwa, na sauti ya anayehoji imejaa furaha ya ushindi. Mmemfungia njia ya kurudi kwa mama yake. Mwacheni atulie. Mtafutieni pa kulala na kazi, na mtu mzima mmoja wa kukaa naye usiku anapolia. Akitaka kumpigia mama simu, mpeni vocha, wala msikae kumsikiliza anasema nini.

Vivyo hivyo kwa waliouliwa. Baada ya mazishi wanakwaya hurudi makwao, na mjane anabaki na kesi inayoahirishwa kila mwezi na watoto wanaorudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Chagueni watu wawili wa kumsindikiza mahakamani kila tarehe ya kesi, hata itakapofika mwaka wa tatu. Mchango wa karo ukusanywe kabla shule hazijafunguliwa. Na kama katika mtaa huo kuna jirani Mwislamu anayetaka kuchangia, mpokeeni, andikeni jina lake kwenye daftari pamoja na yenu.