Karafuu Imeumbiwa Nani?

Chukua punje ya karafuu kavu, iloweke usiku kucha, kisha ipasue kwa wembe kutoka kichwani hadi chini. Hivyo ndivyo ninavyowafundisha wanafunzi wangu hapa Pemba sehemu za ua, kwa kuwa ua zima limo humo, halikuwahi kufunuka. Meno manne yaliyozunguka kichwa ni sepali. Kitufe cha katikati ni petali nne zilizofumbatana. Zibandue kwa ncha ya sindano utaona stameni chungu nzima zimejikunja, kila moja na kifuko chake cha chavua, na katikati yao kijiti kimoja kilichosimama, cha kuipokea chavua hiyo. Chini yake, ndani ya mguu wa karafuu, imo ovari yenye vijichembe ambavyo vingekuwa mbegu.

Viungo vyote vimo, na hakuna hata kimoja kilichomaliza kazi yake. Sisi hulichuma ua likianza kupiga wekundu, kabla halijapasuka. Likiachwa, petali hudondoka, stameni hutandaa, nyuki huja, na bei huanguka. Likizidi kuachwa huwa mpeta, tunda lenye mbegu, ambalo mnunuzi wa karafuu halitaki.

Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniuliza: “Mwalimu, sasa Mungu kalipa ua viungo vyote hivi vya nini, na sisi tunalikata kabla halijavitumia?”

Jibu lililo tayari vinywani mwetu ni kwamba vyote vilivyomo ardhini tumeumbiwa sisi. Naliamini. Lakini kuumbiwa sisi si kuumbiwa sisi peke yetu. Itazame hiyo harufu. Inatokana na mafuta yaitwayo yujinoli, na mafuta ya namna hii ni kinga ya mmea dhidi ya wadudu na kuvu. Sisi tukayatia kwenye pilau, na daktari wa meno akayatumia kutuliza jino. Manufaa yetu ni ya kweli, ila yamekuja nyuma ya mengine. Mikarafuu ilikuwa ikichanua katika visiwa vya Maluku, ikazaa na kujiotesha, muda mrefu kabla ya kuletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19.

Na hapa ndipo panaponiuma. Mashamba ya karafuu ya enzi za Sultani Sayyid Said yalilimwa na watumwa, na utumwa haukuondolewa kisheria Zanzibar hadi mwaka 1897. Kuna watu waliowatazama wenzao wakasema: hawa wapo kwa manufaa yetu. Ndiyo maana siwezi kuitamka kauli hiyo kwa wepesi, hata juu ya mti.

Ikhwan as-Safa, wanazuoni wa Basra wa karne ya 10, waliandika kisa cha wanyama kumshitaki binadamu kwa kauli kama hiyo mbele ya mfalme wa majini. Binadamu akajitetea kwa umbo lake, kwa akili yake, kwa miji yake, na kila hoja ikaangushwa. Iliyomwokoa ni ahadi ya uhai wa milele, na hata hapo wanyama wakamkumbusha kwamba Jahanamu nayo imo katika ahadi hiyo. Mimea haikuwa na msemaji katika shauri lile.

Basi nilimjibu yule msichana kwamba viungo vile ni vya ua lenyewe, na kwamba sisi tumeruhusiwa kuchukua kilicho cha mwingine. Tumeruhusiwa kwa kiasi, na tutaulizwa. Msimu ukifika, wapo wachumaji wanaovunja tawi zima ili wazifikie karafuu za nchani haraka, na mti ukakaa miaka bila kuzaa vizuri. Hilo ndilo ninalowakataza wanangu shambani. Tulichoruhusiwa ni karafuu, tawi halimo.