Je, Anayegawa Mali Yake ni Kichaa?



Mwaka 1936 huko Marekani ilitoka filamu iitwayo Mr. Deeds Goes to Town. Aliyeiongoza, Frank Capra, alizaliwa Sicily, Italia, akahamia Marekani akiwa mtoto pamoja na wazazi wake maskini. Filamu hiyo inachekesha, lakini ndani yake mna swali zito.

Deeds, mtu wa mji mdogo, anarithi ghafla dola milioni 20. Anahamia New York, na wenye tamaa wanamzunguka. Nyakati zile uchumi ulikuwa umeanguka tangu 1929, na wakulima wengi walikuwa wamepoteza mashamba. Siku moja mkulima wa namna hiyo anamwingilia nyumbani na bastola, akimlaumu kwamba analisha farasi maandazi huku watu wana njaa. Kisha mkulima huyo anaishiwa nguvu, analia. Deeds anampa chakula, anakaa akimtazama anavyokula. Hapo anaamua: waliopoteza mashamba wapewe kila mmoja ekari 10, farasi, ng'ombe na mbegu. Atakayelima miaka 3, shamba ni lake.

Ndipo anashtakiwa kuwa ni kichaa. Mahakamani anajibu kwa mfano: ukiwa katika chombo kikubwa, ukamwona mmoja amechoka kupiga kasia anataka kubebwa bure, na mwingine anazama, utamwokoa yupi? Hakimu anaamua kwamba Deeds ana akili timamu.

Wapendwa, wengi wetu tulivuka ziwa kwa mitumbwi. Mfano huo hatuhitaji kuelezwa. Tumezoea kujihesabu sisi ndio tunaozama. Lakini siku ndugu aliye ng'ambo anapokutumia fedha, chombo kikubwa ni chako, hata kwa juma moja tu. Wa kwanza kufika mlangoni ni wenye sauti. Anayezama hana sauti: labda ni mjane jirani, labda ni mzee asiye na mtu wa kumchotea maji.

Deeds hakumpa kila aliyeomba. Matajiri waliotaka azibe hasara ya opera yao aliwakatalia. Na alipotoa, alitoa mbegu na ardhi, ili aliyepokea asimame mwenyewe, asibaki akimpigia magoti.

Wahenga walisema, aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Deeds alimjua kwa sababu alikaa naye mezani. Je, sisi tumekaa na nani juma hili?