Fidla ya Amana

Je, mtu aliyewekeshwa kitu ana haki ya kukifanya kizuri kuliko alivyokipokea? Lau ungeniuliza swali hili nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, ningelijibu upesi kwamba anayo, madhali nia yake ni njema. Leo sina hakika hiyo, na kilichonitia shaka ni fidla.

Ilikuwa ya sahibu yangu mmoja, mkubwa kwangu kwa umri, aliyepiga taarabu tangu ujana wake. Kwetu Visiwani fidla si chombo kigeni tena. Vikundi kama Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa Unguja mwaka 1905, vimeifanya yetu. Sahibu yangu alikuwa akivuka kwenda kutibiwa. Akapita kwangu hapa Mkoani akielekea bandarini, akaniambia, "Maalim, niwekee. Nyumbani kuna wajukuu."

Nilipofungua sanduku nilisikitika. Chini ya nyuzi, pale upinde unapopita, palikuwa na utando mweupe, mgumu. Huo ni unga wa ulimbo mkavu unaopakwa kwenye singa za upinde ili zishike nyuzi. Usipofutwa kila baada ya kupiga, joto na unyevu wa pwani huugandisha juu ya vanishi. Nikachukua pamba, nikaitia spiriti, nikasugua. Uchafu ukatoka mara moja. Nikafurahi, nikaendelea, hata nikaona pamba imegeuka rangi ya asali.

Baadaye ndipo nilipofahamu. Ulimbo ule hutokana na utomvu wa msonobari, na vanishi nyingi za fidla nazo zina utomvu wa miti au lakri ndani yake. Spiriti haibagui; huyeyusha uchafu na ngozi kwa pamoja. Ilinipasa nitumie kitambaa laini kikavu, basi, na palipong'ang'ania nipaache hadi apatikane mwenye ujuzi. Wapo wanaotumia mafuta ya taa au dawa ya kung'arishia meza. Nao wasifanye hivyo.

Palibaki doa la mti mtupu, kiasi cha kiganja cha mtoto. Nikampelekea seremala. Akaigeuzageuza, akasema, "Dogo hili, Maalim. Naipiga msasa yote, naipaka vanishi mpya, mwenyewe hatojua."

Nakiri kwamba usiku ule shauri lake lilinipendeza. Lakini ubao wa kifua cha fidla una unene wa milimita tatu hivi tu. Msasa huupunguza, na vanishi nene huziba sauti. Tena, karibu na shingo rangi ilikuwa imechujuka kwa mkono wa yule mzee, jasho la miaka na miaka. Alama ile ilikuwa yake, nami nilitaka kuifuta ili nisitiri ya kwangu.

Hapo nikamkumbuka, bila ya kupenda, kijana mmoja aliyekuja chuoni kutoka Kojani. Kila alipofungua kinywa kwa Kipemba chake nilimsahihisha mbele ya wenzake, kwa nia njema kabisa. Alipohitimu alikuwa na Kiswahili sanifu, na alikuwa hasemi ila akiulizwa.

Sikurudi kwa seremala. Sahibu yangu alipokuja nilimfungulia sanduku kabla hata ya kumkaribisha kahawa. Akapitisha kidole gumba juu ya doa.

"Spiriti?"

"Spiriti, kaka."

Akanyamaza kitambo, kisha akasema yamekwisha. Baadaye aliipeleka Unguja kwa fundi anayeijua kazi, akapaka pale pale penye doa tu, tabaka nyembamba juu ya nyembamba, jasho na vumbi visiingie katika mti. Kwengine hakugusa. Ukiinamisha fidla kwenye mwanga, doa bado laonekana.

Marafiki hunifariji kwamba nilikusudia wema. Kweli nilikusudia. Ila nia ilikuwa yangu na fidla ilikuwa yake, wala sikumuuliza kama utando ule ulimkera. Huenda jibu la swali langu limo humo, sijalimaliza.

Tungali tunakunywa kahawa pamoja. Lakini kila alipovuka tena kwenda Unguja, fidla alikwenda nayo, ameipakata.