Mwalimu wa Silaha na Dhambi ya Mwanafunzi

Askari anayetumwa nchi ya nje kulinoa jeshi la wenzake hushinda siku nyingi bila kuona vita. Baragumu hulia kabla ya jua, makuruta hujipanga, kwata humaliza ubaridi wa asubuhi, kisha huja darasa chini ya mti: kufungua bunduki, kuisafisha na kuifunga tena bila kuitazama. Baadaye ni shabaha na foleni ya chakula, jioni ukaguzi, usiku zamu za lindo. Wenye kusali husali katikati ya hayo. Maisha haya yanafanana zaidi na ya shule, ndiyo maana swali lake zito hujificha kirahisi. Mtu anamfundisha mwenzake kuua, muda wake ukiisha anarudi kwao, na alichofundisha kinabaki. Kikija kutumika kwa dhuluma, mwalimu ana sehemu gani?

Dodoma inalijua swali hili kwa upande wa mwenyeji. Kutoka Chang'ombe, Dodoma mjini, kwa barabara ya Morogoro hadi Mbande, kisha kukata kuelekea Kongwa, hakuzidi kilomita 100. Waingereza walianzisha mradi wa karanga Kongwa mwaka 1947, ukafa baada ya miaka michache. Mwaka 1964 Tanzania ikapafanya kambi ya wapigania uhuru. FRELIMO ya Msumbiji ilikuwapo, wakaja ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, ZAPU ya Zimbabwe na MPLA ya Angola. Samora Machel, aliyepata mafunzo Algeria, alisimamia mafunzo ya FRELIMO hapo. Wengi wa wapiganaji wa ANC walifika wakiwa tayari wamefundishwa Umoja wa Kisovieti au kwingineko, na hilo ndilo lililowatesa. FRELIMO ilianza vita Septemba 25, 1964, hivyo watu wake walikuwa na mahali pa kwenda. Afrika Kusini ilikuwa ng'ambo ya mipaka kadhaa, na kusubiri kukawa ndiyo kazi yenyewe: kwata bila tarehe ya vita, katika vumbi la nchi inayopata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Yalizuka manung'uniko, wengine wakatoroka. Wengine walioa, na zipo familia za Kongwa ambazo mama ni Mgogo na baba alitoka kusini.

Pamoja na bunduki lilifundishwa somo la siasa: vita ni vya nini, na nani si adui. Ndani ya FRELIMO swali hilo la pili lilizua mvutano mkali, kwa kuwa wapo waliotaka adui awe kila mzungu. Eduardo Mondlane, kiongozi wake aliyeuawa Dar es Salaam Februari 3, 1969, na Samora baada yake, walishikilia kwamba adui ni mfumo wa ukoloni. Somo hili lisichukuliwe kama pambo la propaganda, ingawa propaganda haikukosekana. Lilikuwa njia ya kuamua kabla ya vita nani asipigwe risasi.

Hoja ya zamani ya kumwondolea mwalimu lawama imo katika Gorgias, kitabu cha Plato. Humo Gorgias, mwalimu wa ufasaha wa kusema, anadai kwamba mwalimu wa ndondi au wa mapigano ya silaha asifukuzwe mjini kwa sababu mwanafunzi wake kampiga baba yake. Ustadi ulitolewa utumike kwa haki, aliyeupotosha ndiye mkosaji. Hoja ina nguvu, na majeshi yote yanayofundisha mengine huitegemea, hata yasiyowahi kusikia jina la Gorgias. Lakini Sokrate anamuuliza kama mwalimu anafundisha na haki pia. Gorgias anakiri kwamba mwanafunzi asiyeijua atafundishwa. Basi, anaendelea Sokrate, imekuwaje mwanafunzi aliyeijua haki atende udhalimu? Gorgias alitaka sifa zote za ualimu bila hata lawama moja.

Afrika Mashariki ina mfano unaouma zaidi ya ule wa Ugiriki, na kwa sadfa mwanafunzi wake alikuwa bondia. Idi Amin wa Uganda aliingia KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1946 na kufundishwa na maofisa wa Kiingereza. Mwaka 1962 kikosi alichokiongoza kilituhumiwa kuwatesa na kuwaua Waturkana. Gavana Walter Coutts aliona anastahili kushtakiwa, lakini uhuru ulikuwa mlangoni na maofisa Waafrika walikuwa wachache mno. Uamuzi ukaachiwa Milton Obote, waziri mkuu, na Amin akaishia kuonywa. Mwaka 1971 alimpindua Obote huyohuyo. Kumfundisha shabaha ni jambo ambalo jeshi lolote lingefanya. Kosa la wakubwa wake, wa Kiingereza na wa Uganda, ni kwamba alifanya jambo wakaliona, wakamwachia cheo chake. Na hilo nalo lilimfundisha kitu.

Mafundisho ya dini yamelipima suala hili kwa mizani nzuri kuliko ile ya Gorgias. Mafakihi wa Kiislamu walijadili uuzaji wa silaha wakati wa fitna, na wa zabibu kwa mtu atakayezigeuza pombe. Kwa Mashafii, muuzaji akijua au akidhani kwa nguvu kwamba maasi yatatendeka, kuuza ni haramu. Akishuku tu, ni makuruhu. Wanateolojia wa Kikatoliki, hasa tangu Alfonso Liguori katika karne ya 18, hutenganisha anayeshiriki nia ya mwovu na anayempa nyenzo tu, kisha huuliza nyenzo hiyo iko karibu kiasi gani na uovu wenyewe, na sababu ya kuitoa ina uzito gani. Pande zote mbili zinatazama alichokijua mtoaji wakati wa kutoa.

Hata hivyo muuzaji hutoa mara moja, mkufunzi hutoa kila siku kwa miezi. Kila siku anajua zaidi kuhusu aliye mbele yake, kwa hiyo wajibu wake haumalizwi na uamuzi wa serikali yake kumtuma. Sajenti hakuchagua nchi wala mshirika, na si haki kumbebesha siasa za wakubwa. Yaliyo mikononi mwake ni madogo: anampiga kofi kuruta aliyekosea au anamrudishia zoezi, kuku wa jirani wa kambi amelipiwa au amechukuliwa, katika zoezi la kukamata mateka, aliyejisalimisha anafanywa nini. Kuruta hujifunza hayo kuliko anavyojifunza kutunza bunduki, kwa sababu hayafundishwi kama somo. Kwa hiyo mkufunzi anawajibika kwa mazoea aliyoyajenga, na kwa aliyoyaona akanyamaza. Amri za watawala watakaokuja baada yake si zake.

Mgawanyo huo haumalizi kila kitu. Baada ya Kampala kuanguka Aprili 11, 1979, askari wa JWTZ walibaki Uganda hadi 1981, na kulilea UNLA, jeshi jipya la Uganda, ilikuwa sehemu ya kazi yao. Kati ya 1982 na 1984 timu ya Jumuiya ya Madola ikaendelea na mafunzo. Katika miaka hiyohiyo UNLA iliua raia wengi pembetatu ya Luwero. Aliyefundisha vizuri mwaka 1980 hakuwa na la kufanya tena. Aliyekuwapo wakati habari za Luwero zikisikika alikuwa na la kufanya, na hapo dhana imekwisha kuwa yakini.

Umoja wa Mataifa uliipa kanuni hiyo ya kupima anachojua mtoaji sura ya utaratibu mwaka 2011: vyombo vyake visisaidie jeshi pale penye hatari ya kweli ya ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Mwanzoni mwa 2015 ikajaribiwa Kongo mashariki, ambako brigedi ya MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa wa kulinda amani, yenye askari wa Tanzania, ilitarajiwa kulisaidia jeshi la serikali dhidi ya waasi wa FDLR. Majenerali wawili wa Kongo walioteuliwa kuongoza operesheni walikuwa wanatuhumiwa kukiuka haki hizo, na MONUSCO ikazuia msaada. Jeshi la Kongo likaenda peke yake, na ushirikiano haukurudi hadi 2016. Mikono ya mfadhili ikawa safi, lakini kwa karibu mwaka mzima hakuwapo pembeni mwa askari aliowahi kuwafundisha, wala hakuna aliyemsikiliza aliposema raia wasiguswe.