Sikio na Mashine

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Usemi huu tumeurithi na tumeufundisha, na wengi wetu twauamini hata kinyumenyume: tukimwona mtu hakuinama, kile alichokipata twakitilia shaka. Lakini je, siku akija fundi akakiinua kitanda, kila mtu akaweza kuchukua cha mvunguni naye amesimama wima, itakuwaje? Yule aliyeinama miaka thelathini ana haki ya kumlaumu anayesimama? Na huyu anayesimama, je, hapotewi na kitu? Swali hili si geni duniani, ila kila kizazi huletewa likiwa na mavazi mapya. Mimi lilinijia katika mavazi ya muziki, na aliyenileteza ni mjomba wangu, ndugu yake mama.

Mjomba alianza kupiga santuri katika kumbi za Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mtu wa kazi hiyo leo huitwa dijei, na gramafoni mbili anazozitumia huitwa deki. Nilipokuwa mtoto nilipewa heshima ya kumchukulia mizigo wakati wa likizo, kwa hiyo jambo hili nalijua kwa mabega, si kwa kusikia. Deki zake zilikuwa Technics SL-1200, aina iliyotolewa kwanza Japani mwaka 1972, na kila moja ilipita kilo 10. Sanduku la santuri kubwa 80 hukaribia kilo 20, naye hakuwa mtu wa kutoka na sanduku moja. Hapo sijazitaja spika.

Lakini mizigo si ustadi. Wachukuzi wa bandarini hubeba zaidi. Ustadi ulikuwa masikioni. Santuri moja inapochezwa ukumbini, ya pili huzunguka kwa siri, sauti yake ikisikika katika kisikilizio tu. Mpigaji huliweka sikio moja kwa wachezaji, na la pili kwa wimbo ambao wao hawajausikia. Nyimbo mbili haziendi mwendo mmoja. Huu una mapigo 118 kwa dakika, ule una 122. Ukizifungulia pamoja hivyo hivyo, zitagongana kama wapagazi wawili mlangoni. Basi mpigaji husukuma kitelezi kilicho ubavuni mwa deki, ambacho chaweza kuongeza au kupunguza mwendo wa santuri hata kwa asilimia 8. Kisha huigusa santuri kwa ncha ya kidole, akaichelewesha kidogo, akaiharakisha kidogo, mpaka ngoma ya huku iangukie juu ya ngoma ya kule. Hapo ndipo hufungua mlango, na wachezaji huvuka kutoka wimbo hadi wimbo bila miguu yao kujua. Mjomba alijifunza jambo hilo kwa miaka miwili kabla ya kuthubutu kulifanya mbele za watu.

Mwaka 2014, mgongo ulipomshinda, aliuza deki moja na masanduku mengi, akanunua kipakatalishi na kidhibiti. Kidhibiti ni ubao mwepesi wenye magurudumu mawili, vitelezi na vitufe. Ndani yake hamna wimbo wo wote. Kazi yake ni kuiamuru programu iliyomo katika kipakatalishi. Juu ya kioo kila wimbo huonekana kama mawimbi yaliyochorwa, na hesabu ya mapigo yake imeandikwa pembeni. Tena kuna kitufe kimoja ambacho, kikibonyezwa, huulinganisha mwendo wa nyimbo mbili kabla hujapepesa jicho. Miaka miwili ya masikio ya mjomba imo katika kitufe kile, nacho si kikubwa kuliko ukucha.

Wakati huo nilikuwa mwalimu mpya, na mwalimu mpya hapungukiwi na maadili ya kuwagawia wengine. Nilimwambia, tena mbele ya watoto wake, "Mjomba, kitufe ndicho kinachopiga, na wewe ndiwe unayepigiwa makofi. Huu si udanganyifu?" Hakukasirika. Alinitazama kwa muda, akasema, "Mpwa wangu, miaka yote ile watu walinilipa kwa ajili ya mgongo wangu, au kwa ajili ya miguu yao?"

Jibu hilo lilinikera kwa muda mrefu, kwa kuwa sikuweza kulivunja. Mwashi hasifiwi kwa malengelenge, husifiwa kwa ukuta. Jasho ni gharama ya kazi, si kazi yenyewe. Na mtu atakaye gharama idumu baada ya haja yake kwisha, sidhani kwamba aipenda kazi. Pengine aliumia zamani, naye ataka wenzake waumie ili maumivu yake yasionekane kuwa ya bure. Nilijikagua nikaona kwamba mimi sikuumia hata kidogo. Nilibeba masanduku tu, kisha nikayaonea wivu.

Tena, deki zenyewe hazikuja duniani zikiwa safi. Tarehe 1 Agosti 1942 chama cha wanamuziki wa Marekani kilianza mgomo wa kutorekodi santuri, na mgomo huo haukwisha kabisa mpaka Novemba 1944. Walihofu kwamba mashine ya santuri itawanyang'anya mkate wapigaji wa kumbini, wala hawakuwa wajinga kuhofu hivyo, maana katika kumbi nyingi za dunia santuri ilikuja kukaa mahali pa bendi. Aina ya deki alizokuwa nazo mjomba ilikusudiwa kwanza watu waliokaa nyumbani kusikiliza muziki kwa utulivu. Walioigeuza kuwa ala ni vijana. Tarehe 11 Agosti 1973, katika jumba nambari 1520, Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx mjini New York, kijana mzaliwa wa Jamaika, Clive Campbell, ajulikanaye zaidi kama Kool Herc, alipiga santuri katika sherehe ya dada yake. Hukumbukwa kwa kutumia santuri mbili za wimbo mmoja, akirudia kipande cha ngoma ambacho wachezaji walikipenda, mara katika deki hii, mara katika ile. Mzee wa bendi angaliweza kusimama pale mlangoni akauliza, kama nilivyouliza mimi, kama huo si udanganyifu. Basi kitu tunachokililia leo kama mila ndicho kilichokuwa mshitakiwa jana.

Tusisahau pia kwamba ugumu hulinda ustadi kama ukuta ulindavyo shamba, yaani huwazuia wezi na jamaa pamoja. Deki mbili nzuri zilikuwa mali ya wachache. Mimi niliyezibeba sikuruhusiwa kuigusa sindano. Mwanafunzi wa mjomba hivi sasa ni msichana, binti wa jirani, aliyeanza na kidhibiti kilichokwisha tumika, akakilipia kidogo kidogo. Na mjomba mwenyewe amekiri kwamba katika miaka ya 1990 asingalimkubali, wala wenye kumbi wasingalimkubali. Kitufe kile nilichokitukana ndicho kilichomfungulia.

Kama jambo lingalikoma hapo, ningaliandika kwamba mjomba alishinda, na msomaji angalipumzika. Halikukoma.

Katika miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa soko kubwa la santuri katika Afrika ya Mashariki. Bendi kutoka Kongo na Tanzania zilikuja kurekodi huko, na River Road ilijulikana kwa biashara ya muziki. Nyimbo nyingi za benga na rumba zilitolewa katika santuri ndogo zizungukazo mara 45 kwa dakika. Upande mmoja wa santuri hiyo hautoshi wimbo mrefu, kwa hiyo wimbo ulikatwa vipande viwili: aghalabu maneno hutangulia upande huu, na ukigeuza, wakuta magitaa yanakimbia. Mjomba alinunua santuri mbili mbili za nyimbo alizozipenda, ili akiunganishe kipande cha kwanza na cha pili bila mchezaji kusimama akingoja. Nijuavyo mimi, hakuwa amesikia habari za Bronx. Haja ilimfundisha.

Nyimbo hizo zilipigwa na watu. Mpiga ngoma hakuwa na saa ya kumwongoza. Magitaa yakipamba moto, naye huongeza mwendo bila kujua, na wimbo ulioanza kwa mapigo 120 waweza kufika 126 kabla haujaisha. Muziki mwingi wa leo ngoma yake hupigwa na mashine, na mashine haichangamki wala haichoki. Programu inapoupima wimbo, huupigia mistari iliyo sawasawa kama mistari ya daftari. Kwa muziki wa mashine mistari hiyo ni kweli. Kwa benga ya zamani mistari huanza vizuri, kisha wimbo ukaiacha nyuma. Programu za siku hizi hujaribu kuyafuata mabadiliko hayo, nazo hufaulu kiasi, lakini lazima awepo mtu wa kusikia mahali ziliposhindwa.

Nilikuwapo katika harusi moja ambapo bibi zake bwana harusi waliomba nyimbo za ujana wao. Mjomba alikitazama kioo, akakizima kile kitufe, akainamisha kichwa kwenye kisikilizio kama zamani, kidole chake kikiligusa gurudumu mara kwa mara. Bibi walicheza, wala hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na hatari. Mwezi mmoja baadaye yule binti alikuwa peke yake katika sherehe nyingine, akaombwa nyimbo zile zile, akabonyeza kitufe. Haikupita dakika moja, nyimbo zikaachana, ngoma zikawa zinakanyagana, wachezaji wakasimama. Wengine walicheka. Alibadili wimbo haraka, na usiku ukaendelea kwa furaha, maana watu wa harusini husamehe upesi.

Jambo la kusikitisha lilikuja polepole, tena bila kelele. Baada ya siku ile niliona kwamba hazipigi tena nyimbo hizo. Hata akiombwa huahidi, kisha akapiga nyingine. Nilipomwuliza alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, zile nyimbo hazikai vizuri."

Hakusema kwamba yeye hawezi. Alisema kwamba nyimbo hazikai, nami naamini hakusema uwongo, ndivyo alivyoona. Mashine haikumkataza kitu. Ilimrahisishia nyimbo za namna moja, ikamwachia nyimbo za namna nyingine katika ugumu wao wa zamani, naye akafuata njia isiyo na miiba kama afanyavyo kila mtu. Kwa mtindo huo muziki wa bibi zake ulikuwa ukihukumiwa, na hakimu alikuwa programu iliyotungwa na watu ambao yamkini hawakuwaza benga. Masanduku ya mjomba yalikuwa na nyimbo chache, lakini kila mmoja aliuchagua mwenyewe alasiri ya Jumamosi, akiwafikiria wenyeji wa sherehe na umri wao. Katika kipakatalishi cha binti mna nyimbo maelfu, na asilani sidhani kwamba alijua zipi zimekwisha ondolewa.

Hapo niliona kwamba shitaka langu la mwaka 2014 lilikuwa la kweli, ila nilimshitaki mtu asiyehusika. Mjomba aliweza kukitumia kitufe kwa sababu aliweza kukikataa. Sikio lake lilikuwapo kabla ya mashine. Likiambiwa na kioo kwamba nyimbo mbili zapatana, laweza kujibu kwamba hazipatani. Binti alipewa jibu kabla ya kupewa sikio. Hilo si kosa lake. Ni kosa letu sisi tunaofundisha, tunaodhani kwamba kazi ikiwa nyepesi basi na mafunzo yake hayana haja tena.

Nasema sisi, wala sijitoi. Katika chuo ninachofundisha nilianza miaka michache iliyopita kutunga maswali ya kuchagua jibu moja katika manne, kwa maana karatasi mia husahihishwa jioni moja. Yalinifaa sana. Mwaka wa pili nilishangaa kuona kwamba kuna mada nzima niliyokuwa nikiifundisha kwa furaha, nayo imetoweka katika mafundisho yangu. Hakuna aliyenikataza. Ilikuwa mada isiyokubali jibu moja katika manne, na mimi pia, nikiulizwa, ningalisema kwamba haikai vizuri.

Nilimweleza mjomba habari za yule binti, na katika mazungumzo hayo hayo nikamwomba radhi kwa maneno niliyoyasema mbele ya watoto wake. Radhi aliipokea kwa kicheko. Habari za binti hakuzichekea. Tangu siku hiyo, kila Jumatano jioni, huitoa deki ile moja iliyobaki, akaiweka karibu na kipakatalishi, akakifunika kioo kwa leso. Binti hutakiwa kuuleta wimbo uliomo katika kipakatalishi uende sambamba na santuri kuukuu, bila kuona mawimbi wala tarakimu. Kitufe hakikung'olewa, Ijumaa na Jumamosi hukitumia apendavyo, wala mjomba hamsemi.

Juma lililopita niliketi nao. Wimbo ulikuwa wa benga, santuri imekwaruzika. Mara tatu nyimbo ziligongana. Mara ya nne zilikwenda pamoja kwa ubeti mzima, nikamwona binti amefumba macho, kisha magitaa yakaharakisha na ngoma zikaachana tena. Safari hii alitambua mwenyewe kabla yetu, akalisukuma gurudumu mbele, akakosea kiasi. Mjomba aliinua sindano, akairudisha mwanzo.